Kisiwa cha Palm Island na Askari Wake

Katika majadiliano ya muhula uliopita upande ulioshinda ulisema kwamba raia akishika mawe na moto amekwisha kupoteza haki yake ya kusikilizwa. Makofi yalikuwa mengi na kura zilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walioinua mkono kupinga, na kwa kuwa wakati haukutosha kila mtu kusema, nimemwomba Mhariri anipe nafasi hapa.

Sitachukua mfano wa kwetu. Mfano wa karibu huwapandisha watu hasira kabla hawajausikia, kila mtu akakimbilia kuuliza wewe ni wa kabila gani na chama gani. Nitakwenda mbali, Australia, kwenye kisiwa kimoja ambacho wengi wetu hatukukisoma katika jiografia.

Palm Island ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Queensland, mwendo wa kilomita 65 hivi kutoka mji wa bandari uitwao Townsville. Ukitazama picha zake utadhani ni mahali pa matajiri kupumzika: milima yenye misitu, minazi, maji ya buluu. Wenyewe wa asili ni watu waitwao Manbarra. Lakini wengi katika wakazi wake, ambao wapata 2,000 na zaidi, ni wajukuu wa watu waliopelekwa huko kwa nguvu. Sheria ya Queensland ya mwaka 1897 iliipa Serikali uwezo wa kumwondoa Mwaborijini kwao na kumweka popote itakapo. Kisiwa kilitengwa kwa ajili hiyo mwaka 1914, na makazi yakaanza mwaka 1918 baada ya tufani kuyavunja makazi mengine ya barani, huko Hull River. Wakaletwa watu wa makabila zaidi ya arobaini, kila kabila na lugha yake. Wengine walipelekwa kwa kuwa wameitwa wakorofi, wengine kwa kuwa walimjibu bwana wao, wengine bila sababu yoyote ya kueleweka. Wazao wao hujiita Bwgcolman, maana yake makabila mengi yaliyokuwa watu wamoja.

Sisi tuliozaliwa visiwani, upande wa Uganda wa ziwa la Nyanza, jambo la kuhamishwa twalifahamu kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa wazee wetu visiwani kwa ajili ya ugonjwa wa malale, nao hawakuruhusiwa kurudi ila baada ya miaka mingi. Lakini wazee wetu walikuwa na kwao pa kurudi, na ugonjwa ule ulikuwa wa kweli. Wale wa Palm Island ugonjwa wao ulikuwa rangi yao.

Maisha ya huko yaliendeshwa kwa kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya kulala. Watoto walitengwa na wazazi wao wakawekwa mabwenini. Kulikuwa na barabara nzuri yenye miembe, walipokaa Wazungu, na mtu mweusi hakuruhusiwa kupita ila ametumwa kazi. Msimamizi alikuwa ndiye mwenye amri juu ya askari, hukumu na chakula. Msimamizi wa kwanza, Robert Curry, alipatwa na wazimu usiku mmoja wa Februari 1930, akawaua mwanawe na binti yake wa kambo, akampiga risasi daktari na mkewe, akachoma majumba. Wazungu wenziwe wakampa bunduki Mwaborijini mmoja, Peter Prior, wakamwamuru amzuie. Prior akampiga risasi. Akashtakiwa kwa kuua! Alikaa gerezani miezi kadhaa kabla kesi haijafutwa. Sina la kuongeza juu ya habari hiyo, ila namwomba msomaji aikumbuke tufikapo mwaka 2004.

Kabla ya hapo lakini kuna mwaka 1957, na hapa ndipo rafiki zangu wa upande ulioshinda wangenisikiliza kwa makini. Wao waliuliza: Kwa nini watu wenye malalamiko hawafuati njia ya amani? Basi, watu wa Palm Island waliifuata. Juni 1957 wanaume wa kisiwa waliacha kazi. Walidai mshahara unaofaa, chakula bora, nyumba bora, na kuondolewa kwa Msimamizi mkali aliyekuwako wakati huo. Cheche ya jambo hilo ilikuwa amri ya kumfukuza kisiwani mfanyakazi mmoja, Albie Geia. Mgomo ulichukua siku tano, hapana nyumba iliyochomwa. Jawabu la Serikali lilikuja kwa chombo cha baharini, usiku: askari kutoka Townsville waliingia majumbani kabla ya mapambazuko, wakawakamata viongozi saba, wakawafunga na kuwapakia chomboni pamoja na wake zao na watoto, wakatawanywa katika makazi mengine ya mbali. Mmoja wao, Willie Thaiday, aliandika habari hizo baadaye katika kitabu, akiwa mzee.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Palm Island baada ya 1957 alikuwa na somo moja juu ya mgomo wa amani. Babu yako aliujaribu, wakamchukua usiku.

Sasa nije kwenye mwaka 2004. Ijumaa tarehe 19 Novemba, asubuhi, mtu mmoja wa miaka 36 alikuwa akitembea barabarani, amelewa, akiimba. Kwa mila ya Waaborijini wengi jina la marehemu halitajwi ovyo, na hakimu aliyechunguza kifo hicho alimwita Mulrunji kwa kufuata matakwa ya jamaa zake. Nami nitamwita hivyo. Mulrunji alipita mahali ambapo mkuu wa kituo, Chris Hurley, Mzungu, alikuwa akimkamata mtu mwingine. Pamoja na mkuu huyo alikuwako msaidizi mweusi, mwenyeji wa kisiwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha polisi na raia. Mulrunji akamwambia msaidizi huyo maneno ya kumlaumu kwamba, yeye aliye mweusi kama wao, kwa nini hawasaidii watu weusi. Kisha akaenda zake. Hurley akamfuata akamkamata kwa kosa la kutukana hadharani.

Haikupita hata saa moja naye alikuwa maiti katika sakafu ya mahabusu. Mbavu nne zilikuwa zimevunjika, na ini lilikuwa limekatika karibu vipande viwili. Kamera ya mahabusu ilikuwa imenasa sauti yake akiomba msaada. Mwenzi wake alikuja kituoni kumwulizia akaambiwa arudi baadaye. Wakati huo Mulrunji alikuwa amekwisha kufa.

Wapelelezi walitumwa kutoka bara. Miongoni mwao walikuwako rafiki za Hurley. Hurley mwenyewe ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, na jioni ile wakala chakula nyumbani kwake. Mimi husimama sana katika neno hili la chakula. Kwetu, mtu akipotelewa na mbuzi wake, na wazee watakaoamua shauri wakaonekana wakila kwa mtu anayeshukiwa, hapana mwanakijiji atakayengoja hukumu. Haitakuwa na haja ya kusoma sheria. Atajua.

Siku saba zikapita. Tarehe 26 Novemba watu walikusanyika, na mwenyekiti wa baraza la kisiwa akawasomea matokeo ya uchunguzi wa maiti. Wakasikia juu ya mbavu na juu ya ini. Wakasikia kwamba huenda majeraha yalitokana na kuanguka. Umati wa watu mia kadhaa ukaondoka hapo ukaenda ukachoma kituo cha polisi, mahakama, na nyumba za askari. Askari wakakimbilia hospitali. Hapana askari aliyeuawa.

Kesho yake walikuja askari maalum, wamefunika nyuso, wenye silaha kubwa. Walivunja milango ya nyumba alfajiri na kuwalaza watu chini, na watoto walielekezewa mitutu ya bunduki. Lex Wotton, fundi bomba aliyekuwa zamani diwani, alipigwa kwa bunduki ya umeme mbele ya nyumba yake. Linganisha na mwaka 1957, ukaone kama saa ya kuja imebadilika.

Yaliyofuata mahakamani ni marefu, nami nitayapitia upesi, maana ukweli lazima uandikwe kwa pande zote mbili. Septemba 2006 hakimu wa kuchunguza vifo, Christine Clements, aliamua kwamba Hurley ndiye aliyesababisha majeraha yaliyomwua Mulrunji. Mwendesha mashtaka mkuu akakataa kumshtaki. Watu wakapiga kelele nchi nzima, shauri likatazamwa tena na jaji mstaafu, na Hurley akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Juni 2007 juri ya Townsville ilimwona hana hatia, akaachiliwa. Uchunguzi mwingine uliokwisha mwaka 2010 haukuweza kuamua kama majeraha yalikuwa ya makusudi au ya bahati mbaya. Mimi si juri. Sisemi zaidi ya hapo. Wotton kwa upande wake alihukumiwa miaka sita Novemba 2008 kwa fujo na uharibifu. Mwezi huo huo polisi wa Queensland waliwapa nishani za ushujaa askari 22 waliokuwa kisiwani siku ya moto. Wotton alipotoka mwaka 2010 aliwekewa sharti la kutosema na waandishi wa habari na kutohudhuria mikutano ya hadhara bila ruhusa. Alipinga sharti hilo hata mahakama ya juu kabisa ya Australia, akashindwa mwaka 2012.

Hapa wengi wangeifunga habari na kusema, tazama basi, moto haukumletea faida. Lakini haikuishia hapo. Wotton, pamoja na mama yake na mkewe, waliishtaki Serikali ya Queensland kwa sheria ya mwaka 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi. Tarehe 5 Desemba 2016 Jaji Debbie Mortimer alitoa hukumu, ndefu sana. Aliona kwamba polisi walivunja sheria ile. Walivunja kwa kuacha kumtendea Hurley kama mtu anayeshukiwa. Kwa kumwacha aendelee na kazi kisiwani siku zile za kwanza. Kwa kutangaza hali ya hatari. Kwa kuwatuma wale askari maalum majumbani mwa watu. Aliona kwamba watu wa mahali pengine pasingekuwa na weusi wengi wasingetendewa hivyo. Jamaa ile ikapewa dola 220,000. Mwaka 2018 Serikali ikakubali kuwalipa wakazi wengine dola milioni 30, na kuwaomba radhi.

Narudi sasa kwa wale walioshinda majadiliano. Walisema mwenye kushika moto amepoteza haki ya kusikilizwa. Jaji Mortimer hakusema kuchoma kituo ni halali, na hukumu ya Wotton juu ya fujo haikufutwa. Mpaka leo ni mtu aliyetiwa hatiani. Na mtu huyo huyo aliyetiwa hatiani alisikilizwa na mahakama ya nchi yake, ikasema malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Kama jaji angeshika kanuni yetu ya ukumbini, asingefungua hata faili. Kosa la mtu na malalamiko ya mtu ni vitu viwili, navyo hupimwa kwa mizani mbili. Mwanafunzi aliyevunja kioo cha bwalo kwa sababu ya uji wenye funza aadhibiwe kwa kioo. Je, funza wamekuwa maharagwe?

Wala sitaki mtu anidhanie nasifu ule moto. Hospitali waliyokimbilia askari ilikuwa na wagonjwa. Jiwe moja lingeweza kumwua mtu ambaye hakumgusa Mulrunji, labda kijana wa miaka 22 aliyetumwa kisiwa asichokijua. Na waliolipa gharama ya kwanza ni watoto wale walioamshwa na bunduki. Nasema tu kwamba moto ule ulikuja siku ya saba, nao waliokuwa na kazi ya kutenda haki walikuwa na siku sita kabla yake. Walikuwa na ndege, simu, na sheria. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza vifo 99 vya Waaborijini waliofia mikononi mwa dola, ilikuwa imekwisha kutoa mapendekezo 339 mwaka 1991, na moja lilikuwa kwamba kumkamata mtu liwe jambo la mwisho, si la kwanza. Mulrunji alikamatwa kwa matusi. Tangu ripoti ile wamekufa wengine zaidi ya 500.

Pana jambo jingine ambalo kwangu si la majadiliano. Nikimaliza Senior Six nataka kuwa askari polisi. Nimekwisha kuwaambia wazazi, na mama hakufurahi. Mwenzangu mmoja wa bwenini aliposikia kwamba ninaandika habari hii alinicheka: utalaje mshahara wao, na huku unawaandika? Lakini ni kwa sababu hiyo hasa ndiyo maana nimeisoma habari ya Palm Island mara nyingi kuliko wao.

Kisiwani kwetu watu wa sheria huja kwa mashua. Nimeona mitumbwi ya wavuvi ikichomwa ufukweni kwa sababu ni mifupi kuliko kipimo, na wenyewe wamesimama wakitazama, mmoja akiwa na deni la injini. Sheria ya kuwalinda samaki ni nzuri, naiunga mkono. Ziwa likiisha samaki sote tumekwisha. Lakini moto ule haukuitwa fujo, na hapana aliyewauliza wavuvi wale neno ila kwa amri. Amri zenyewe zilikuwa kwa Kiswahili. Wasomaji wa sehemu hii ya gazeti wanajua taabu tunayoipata, sisi tunaopenda lugha hii. Nyumbani kwetu watu wengi waliisikia kwanza kinywani mwa askari: kaa chini, toa, lete, nyamaza. Bibi yangu hujua maneno hayo manne tu, na nilipomsomea shairi la Kiswahili aliuliza nani amekamatwa.

Kwa hiyo mtu anayenifikirisha zaidi katika habari yote hii ni yule msaidizi mweusi. Alikuwa mzee, mwenyeji wa kisiwa, hana bunduki wala uwezo wa kumkamata mtu. Siku ile alisimama mlangoni mwa kituo, hakuingia ndani kutazama. Baadaye aliulizwa kwa nini, akaeleza kwamba aliogopa akiona jambo huenda naye akapata taabu. Wengi walimchukia kwa jibu hilo. Mimi nalisoma kama barua iliyoandikiwa mimi. Watu wa mahali pa mbali wanapewa mtu mmoja wa kwao, anavaa sare, wanaambiwa sasa mna mtu wenu ndani. Na mtu huyo anajua kwamba kazi yake inadumu kwa kadiri asivyoona.

Lile la kwanza ambalo ningetaka liwekwe wazi, kwetu na kwao, ni kwamba askari akifiwa na mtu mahabusu, asipelelezwe na askari wa nyumba moja naye. Wala wasilale kwake, wala wasile kwake. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. La pili, askari wa kisiwani awe na mahali pa kusema aliloliona pasipokuwa mezani pa mkubwa wake. Wenzangu wa majadiliano watasema hayo yameandikwa katika kanuni tayari. Huenda yameandikwa. Hata Queensland yalikuwa yameandikwa mengi.

Juu ya vijana wenye kutaka sare kama mimi, wako wanaosema afadhali tuache, kazi hiyo ina laana. Sikubali. Tukiacha, mashua zitaendelea kuja vile vile, na ndani yake hatakuwamo hata mmoja anayejua kwamba yule mzee aliyesimama ufukweni ni kiziwi, si mkaidi.

Mhariri ameniahidi kwamba muhula ujao kutakuwa na kurasa mbili za majibu. Upande ulioshinda waandike, tena waandike kwa Kiswahili, wasikimbilie sehemu ya Kiingereza.